Boti ya Stanislaus Imezimika Tena

Hapa Kasulu mtu akinunua chochote kinachogusa maji, hata ndoo, anakuja kuniuliza mimi. Sababu ni babu yangu. Alitoka Pangani zamani akifuata biashara, akakosa nauli ya kurudi, akaoa. Basi mpaka leo ukoo wetu tunaitwa watu wa Pwani, na mimi Mansuri, muuza mablanketi na vitenge jirani na soko, niliyezaliwa hapahapa kwenye baridi na migomba, nahesabiwa kuwa bingwa wa vyombo vya majini. Bahari sijawahi kuiona. Kuogelea sijui. Sijawahi kumficha mtu jambo hilo. Ni kwamba hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo Stanislaus Nduwayezu aliponunua boti, mimi nilikuwa wa kwanza kupigiwa simu.

Stanislaus ni rafiki yangu tangu ujana. Wazazi wake waliingia kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni. Sasa ni raia, ana kitambulisho, na anakitunza kuliko mimi ninavyotunza changu. Tulianza pamoja biashara ya mawese. Tuliyanunua kule chini Kigoma tukayapandisha milimani, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa malori, mpaka Kibondo. Mawese yangu yalimwagika njiani kama ya watu wengine wote. Ya Stanislaus hayakumwagika. Alikuwa na namna yake: anakata kipande cha rambo, anakikunja, anakitandika kwenye mdomo wa dumu, ndipo anakaza kifuniko juu yake kwa kiganja huku amefumba macho. Dumu hilo ungeweza kulilaza, kulipindua, kulikalia juu ya lori kutoka Manyovu mpaka Kibondo, tone lisitoke. Wanawake sokoni walikuwa wakimsifia mtu asiyetoa siri kwa kumwita dumu la Stani. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya rambo, sisi wengine tulinung'unika kidogo tukazoea vikapu. Yeye aliweka akiba chini ya godoro, na sidhani kama ameimaliza.

Mimi niliacha mawese nikafungua duka. Yeye alihamia upande wa Kibondo, pale mto Malagarasi unapojikunja, akalima, akafiwa na mkewe. Watoto wake wa kiume wakaondoka, mmoja Dar es Salaam, mwingine machimboni, na simu zao hupatikana sikukuu. Alibaki na binti wa mwisho, Immakulata. Sasa, mashamba mazuri ya maharage yako chini huko, ng'ambo, baada ya matete, na watu huteremka mto kwa mitumbwi ya kupiga kasia, wakiwaomba viboko radhi njia nzima. Stanislaus akaona pana kazi kwa mwenye boti ya injini.

Aliinunua ziwani Kigoma, kwa mtu aliyekuwa na haraka mno ya kuuza. Ilikuwa boti ya faiba, ndefu, bluu iliyopauka, na ubavuni imeandikwa *Sans Souci*. Mkongomani mmoja wa kambi ya wakimbizi alitufasiria kwamba maana yake ni Bila Wasiwasi. Ilipandishwa huku milimani juu ya lori la chumvi ya Uvinza, na ilipopita Kasulu mjini watu walitoka madukani kuitazama. Jirani yangu wa sokoni akaniuliza kama Pwani nako boti hutembea hivyo. Nikamjibu inategemea msimu.

Siku ya kwanza ya kuishusha majini nilikuwepo, nimevaa kanzu. Stanislaus alikuwa amejaza petroli Kibondo katika tangi jekundu la plastiki lililokuja na injini, akalileta mpaka mtoni kwa bodaboda kwenye ile barabara ya mashimo, na harufu ya petroli haikusikika hata kidogo. Katekista akainyunyizia boti maji ya baraka. Tukapanda, injini ikanguruma, watu waliobaki ufukweni wakapiga vigelegele. Tulienda vizuri kwa muda ambao mtu angemaliza sahani ya ugali. Kisha, katikati ya matete, injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikanyamaza.

Kimya cha mto si kizuri. Mbele yetu palikuwa na macho ya viboko, yametulia juu ya maji, yanatutazama. Stanislaus akafungua tangi kuona kama petroli imekwisha, ilikuwa tele. Mimi nikaanza kusoma kila nilichofundishwa madrasa utotoni, kwa mpangilio wowote ule. Stanislaus akafunga kifuniko, akavuta kamba, injini ikawaka. Abiria wote wakageuka kunitazama. Ningesema nini? Niliendelea kusoma, tena kwa sauti ya juu zaidi.

Habari kwamba Mpwani ameiponya boti zilifika Kibondo kabla sijafika mimi. Na kwa kweli wakati wa kurudi ilizimika tena, Stanislaus akachungulia tangi tena, nikasoma tena, ikawaka tena. Safari iliyofuata sikuwepo, wakamchukua katekista. Naye alisali, nayo ikawaka. Kwa hiyo ilikuwa imeponywa na dini zote mbili, na bado inaumwa.

Hapo ndipo anapoingia Claude.

Claude Mpawenimana ni fundi wa pikipiki. Gereji yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na duka langu hapa Kasulu. Wazazi wake wako Nyabibuye. Kijana mpole, mikono myeusi kwa oili mpaka Jumapili. Immakulata alipokuja mjini kujifunza cherehani, alikuwa akipita hapo kila siku kuuliza njia ambayo alikuwa anaijua. Mwaka huo ulipokwisha, Claude alikuja dukani kwangu akakaa juu ya robota la mablanketi, akaniomba niwe mshenga wake. Mwislamu kuwa mshenga wa Wakatoliki kwetu si ajabu. Mimi ni rafiki wa baba, na mdomo ninao. Nikakubali, nikafikisha neno.

Stanislaus alinisikiliza mpaka mwisho akichokonoa meno.

"Huyo si fundi?" akasema. "Haya. Boti yangu iteremke mpaka mashambani na irudi bila kuzimika. Siku hiyo aje na wazee wake."

"Stani, binti ni binti na injini ni injini."

"Ego, ndiyo. Lakini asiyeweza hiki kidogo, kile kikubwa nitampaje?"

Nje, Immakulata alikuwa akinisubiri na uso wa mtu aliyesikiliza dirishani.

"Baba Zuhra," akaniambia, akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "nimeshaongea na mwenye chumba pale Kasulu karibu na stendi. Cherehani yangu nimeifunika kanga toka mwaka jana. Nikikaa hapa mtoni mwaka mwingine nitaota magamba. Mwambie Claude afanye haraka."

Nikamwambia Claude afanye haraka, na Claude alifanya. Aliifungua injini ile kutoka kwenye boti, wakaifunga kwa mipira juu ya bodaboda kama mgonjwa, wakaileta Kasulu. Nyuma ya duka langu tukaweka pipa la maji, akaisimamisha ndani yake, akaiunganisha na kidumu chake kidogo cha petroli, akavuta kamba. Iliunguruma toka baada ya chakula cha mchana mpaka imamu akatuma mtu kutuomba, kwa adabu kabisa, tuwaachie watu nafasi ya kusikia adhana. Injini haikukohoa hata mara moja. Tukairudisha mtoni tukiimba. Katikati ya matete ikapiga chafya, ikanyamaza.

Akabadilisha plagi. Kasulu, safi, mtoni, chafya. Akaifungua kabureta, akaiosha, akaipuliza, akairudisha. Kasulu, safi. Akabadilisha mpira wa pampu ya mafuta, akaagiza koili kutoka Mwanza, akachuja petroli kwa kitambaa, akaongeza oili, akapunguza oili. Kila mara pale kwenye pipa ilicheka, na kila mara kwenye matete ilinuna. Boti ikifia hapo, Stanislaus huchungulia tangi, mwingine huvuta kamba, na yule aliyekuwa ameshika spana au rozari au tasbihi wakati huo huhesabiwa kuwa ndiye aliyefanya kitu.

Mimi nilishapata jibu zamani na nililisema wazi mbele za watu: ni maji. Injini imezoea maji mazito ya ziwani, sasa imeletwa kwenye maji mepesi ya mto, haina pa kushika. Sisi watu wa Pwani mambo haya tunayajua. Claude alinitazama kwa heshima kubwa bila kusema neno, nami wakati huo nilidhani ananikubalia.

"Injini yangu inapenda mjini," Stanislaus akawa anawaambia abiria. "Ikifika Kasulu inafurahi, ikirudi kwangu inanuna. Kama binti yangu."

Lakini kusema kweli, kipindi kile mzee alinenepa. Kila wikendi Claude alikuwa pale na spana zake, na Immakulata anachinja kuku, na mimi nimefuata kuku kwa kisingizio cha ushenga. Nyumba ile ilikuwa kimya toka msiba wa mama yao. Sasa ilijaa kelele, vyuma vikigongana, mtu akicheka jikoni. Stanislaus alikaa kwenye kiti chake kibarazani akitoa amri zisizo na maana, mwenye furaha. Mimi niliona yote hayo na sikuyafikiria, kwa sababu nilikuwa nakula.

Jumatatu moja Claude aliingia dukani, akakaa juu ya robota lilelile, akafunika uso kwa mikono.

"Nimeujua ugonjwa," akasema.

"Alhamdulillahi! Sasa unalia nini?"

"Jana nimekaa karibu na tangi. Ilipoanza kukohoa nikaangalia chini, nikaona tangi limebonyea mbavu zote mbili, kama mtu aliyevuta pumzi akaizuia. Nikalegeza kifuniko. Likapiga mluzi, likanyooka, injini ikaendelea. Mzee Mansuri, juu ya kile kifuniko kuna kiskrubu cha kupitishia hewa. Kimekazwa mpaka mwisho. Na chini ya kifuniko kuna rambo."

Nilikuwa naiona ile rambo, imekunjwa, na kile kiganja, na yale macho yaliyofumbwa.

"Petroli inatoka, hewa haiingii," Claude akaendelea. "Mwisho tangi linaing'ang'ania petroli, injini inakufa na kiu. Mtu akifungua kuchungulia, hewa inaingia, inapona. Huku Kasulu tulileta kila kitu isipokuwa tangi."

"Na maji ya mto?"

"Maji hayana neno, mzee wangu."

Nikaona aibu kidogo, ikapita. "Basi mwambie. Atoe rambo, mambo yamekwisha, uoe."

Akanitazama kama niliyemwambia ampige mzee kibao. "Nimwambie databukwe? Baba mkwe? Nisimame mbele yake niseme, hiyo mikono yako inayosifiwa mpaka Manyovu, hiyo ndiyo inayoua boti yako? Kwetu baba wa mke hasahihishwi. Hata akisema mvua ni jua, unatafuta kofia. Nikimwaibisha hata kama ni kweli, hasa kama ni kweli, binti sipati. Ndiyo maana mtu anakuwa na mshenga. Useme wewe."

Alikuwa na haki. Kazi ya mshenga ni hiyo hiyo, kubeba neno ambalo wahusika hawawezi kulibeba. Lakini nilipofikiria kwenda kumwambia rafiki yangu kwamba dumu la Stani ndilo lililotuaibisha mbele ya viboko, na kwamba mimi mwenyewe nimehubiri habari za maji mepesi Kibondo nzima, nikaona ipo njia nzuri zaidi. Mtu mwenye akili haendi moja kwa moja.

Nikaenda kwa Stanislaus nikamwambia hivi: "Injini za boti, Stani, sisi watu wa Pwani tunajua, humzoea mtu mmoja. Hii imeuzoea mkono wa Claude. Akikaa yeye karibu na tangi, haitazimika."

Nilijiandaa kubishana. Hakubisha. Akasema, "Hilo naliamini kabisa," haraka namna ile ambayo ingempa wasiwasi mtu mwingine, asiyejiamini kama ninavyojiamini mimi. Jumapili iliyofuata boti iliteremka mpaka mashambani na kurudi. Claude alikaa miguuni pa tangi, na kila ilipotaka kukohoa alijifanya anafunga kamba ya kiatu, akalegeza kifuniko, akakaza. Haikuzimika. Watu wakashangilia ufukweni, wazee wakaja kutoka Nyabibuye, ndoa ikafungwa Kibondo, na mimi nikapewa mguu mzima wa mbuzi, nikajiona nimewaozesha watu wawili kwa sentensi moja.

Kwenye sherehe Stanislaus akasimama kutoa zawadi yake. Alisema amewajengea maharusi nyumba ya vyumba viwili, hapo hapo mtoni, hatua chache kutoka kwake. "Kwa sababu Mpwani ametufundisha," akasema, akininyooshea mkono, "kwamba injini hii imeuzoea mkono wa mkwe wangu. Mkwe wangu akikaa Kasulu, boti itakufa."

Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Immakulata ndani ya shela yake. Alikuwa akitabasamu kwa ajili ya wapiga picha, na macho yake yalikuwa juu yangu, na nikatamani nirudishe ule mguu wa mbuzi.

Gereji ikafungwa. Claude akawa mtu wa kukaa miguuni pa tangi, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, fundi mzuri kuliko wote mjini akifunga kamba za viatu. Chumba karibu na stendi kikachukuliwa na kinyozi. Pikipiki yangu mwenyewe ilianza kutengenezwa na mtu mwingine, na mpaka leo haiwaki asubuhi.

Msimu wa mahindi mabichi Immakulata akaja dukani kwangu. Hakuamkia, jambo ambalo hajawahi kulifanya toka azaliwe.

"Rambo," akasema. "Kipande cha rambo. Claude aliniambia wiki ya kwanza ya ndoa. Mimi nimeolewa, nimekaa palepale nilipozaliwa, natazama mto uleule, kwa sababu watu wazima wawili mmeshindwa kumwambia baba neno moja."

"Wewe ni mwanawe. Wewe ungeweza kumwambia."

"Nikimwambia mimi atajua nimeambiwa na mume wangu, na Claude hataweza tena kula meza moja na baba. Wewe ndiye ulitumwa. Wewe ulikula mbuzi." Akakaa juu ya robota la mablanketi. "Naichukia ile boti, baba Zuhra. Naichukia mpaka nasikia haya."

Niliumia. Nasema wazi, niliumia, maana binti yule nimemjua akiwa anatambaa juu ya madumu. Siku ya pili yake nilifunga duka nikaenda. Nikamkuta Stanislaus mtoni, nikamwambia Claude apumzike, leo wazee wawili tunataka kutembea na boti peke yetu. Mzee akanitazama, akatazama tangi, akapanda.

Tulikwenda mpaka kwenye matete. Injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikanyamaza. Viboko walikuwa mahali pao.

"Stani," nikasema, "ni rambo."

Hakushtuka. Akainama, akalegeza kifuniko. Tangi likapiga mluzi mrefu, likanyooka mbavu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mpwani, mimi nimemimina mawese toka sijaota ndevu. Unadhani sijui kwamba dumu lisilovuta hewa halitoi kitu? Siku ile ya kwanza ulipokuwa unasoma, nilikuwa nimeshafungua kifuniko. Lilipiga mluzi hivihivi. Hukusikia kwa sababu ulikuwa unapiga kelele."

Nilikasirika, sifichi. Niliamkiwa Kibondo nzima kwa ajili ya dua ile. Mpaka wenye ng'ombe wagonjwa walikuwa wamenifuata. "Kwa hiyo dua yangu haikufanya kitu?"

"Ilituliza abiria."

"Na maji mepesi? Na mkono wa Claude? Ulinisikiliza nikisema yote hayo?"

"Ulikuwa unasema vizuri."

Boti ikawa inajizungusha yenyewe polepole. Stanislaus hakuvuta kamba. Alikuwa amekishika kile kifuniko mkononi, anakigeuza.

"Siku ile niliazimia kuitoa rambo nikifika nyumbani," akasema. "Nilipofika nikamkuta Immakulata kibarazani, ameshika simu, anacheka peke yake. Nikajua anaondoka. Nikajaza petroli, nikakunja rambo nyingine, nikakaza zaidi. Kisha huyo kijana akawa anakuja kila wikendi, na wewe unakuja, na kuku anachinjwa. Naiogopa ile nyumba, Mansuri. Nikila peke yangu nasikia meno yangu yanavyotafuna."

Sikuwa na la kusoma hapo. Nilitaka kumshika bega na nilitaka pia kumsukumia majini, na kwa kuwa sijui kuogelea na ningelazimika kumwokoa, nilikaa tu.

"Binti yako cherehani yake imefunikwa kanga," nikasema baadaye.

"Najua."

"Mumewe amefunga gereji. Anafunga kamba za viatu."

"Nawaona kila siku. Najua."

"Basi kama unajua yote, mimi nimekuja kufanya nini?"

"Kusema," akanijibu. "Mshenga si kazi yake kusema? Nilikuwa nakusubiri toka kabla ya harusi. Ulipoleta habari za kuzoea mkono, nikasema basi, kama Mpwani mwenyewe ameniachia, ngoja nichukue."

Akaitoa rambo, akaifuta petroli kwa shati lake, akaitia mfukoni. Akalegeza kiskrubu cha hewa. Akavuta kamba. Tulirudi kwa mwendo wa moja kwa moja, injini ikiimba, na hakuna kati yetu aliyefurahi.

Jioni hiyo, mbele ya wote, Stanislaus alitangaza kwamba injini imepona kabisa, mto umeizoea, haina haja tena ya mtu wa kukaa karibu na tangi. "Umeiponya, mkwe wangu," akamwambia Claude. "Nendeni Kasulu." Claude akainamisha macho akasema, "Ni wewe, databukwe." Immakulata alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini, akatoka nje, tukamsikia analia nyuma ya jiko kwa sauti. Baba yake alitazama moto na kutikisa kichwa kana kwamba ni moshi tu uliomwingia.

Walihamia mjini wiki hiyohiyo. Gereji ikafunguliwa, chumba kingine kikapatikana, si karibu na stendi lakini kizuri, cherehani ikavuliwa kanga. Boti ya Stanislaus ikawa inakwenda na kurudi na haizimiki. Nilipigiwa simu na watu wa mtoni wakinisifu.

Jumamosi moja, Claude alikuwa anafunga gereji, simu yake ikalia. Aliweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na oili, kwa hiyo nilisikia.

"Mkwe," ilisema sauti ya Stanislaus, "imezimika tena."

Claude akanitazama. Immakulata, aliyekuwa mlangoni na kitambaa cha kushona begani, akatutazama wote wawili. Nilikuwa nimewaambia, kwa hiyo sisi watatu tulijua kiskrubu kiko wazi na rambo haipo. Nikamwona Claude anafungua mdomo, anaufunga. Baba wa mke hasahihishwi.

"Kesho asubuhi, databukwe," akasema. "Nitakuja na spana."

"Na Immakulata?"

"Naye."

"Na yule Mpwani, kama hana kazi."

Nilikuwa na kazi, lakini nilikwenda. Tulimkuta Stanislaus amevaa shati jipya, boti imevutwa ufukweni, amesimama kando yake na kitambaa mkononi kama msaidizi wa daktari. Kuku alikuwa ameshafungwa miguu. Claude akasalimia, akapanda, akafungua mfuniko wa injini. Akavuta kamba mara moja tu na ikawaka palepale, ikinguruma mpaka ndege wa kwenye matete wakaruka. Hakuizima. Akachukua spana, akakaza nati iliyokuwa imekaza. Akaigusa kabureta, akaitazama kwa makini, akatikisa kichwa. Stanislaus akamkabidhi kitambaa. Claude akafuta mahali palipokuwa safi, akamrudishia.

Moshi wa jiko ulianza kupanda. Immakulata akatoa kichwa mlangoni, akapaza sauti.

"Baba! Imepona?"

Claude alimtazama baba mkwe wake.

"Bado!" Stanislaus akapiga kelele, kwa nguvu zake zote, ili asikike juu ya mngurumo wa injini.